Jua Nywele Zako Kabla ya Kuzinunulia Mafuta: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua na Kuzitunza

Nywele nyingi zinazolaumiwa kwamba hazikui, zinakua. Kila mwezi kichwa chenye afya huotesha takriban sentimita moja ya nywele mpya. Nywele za kipilipili mara nyingi huwa chini kidogo ya hapo. Mwaka ukiisha, ni sentimita kumi hadi kumi na mbili hivi. Kama mwaka umepita na urefu uko palepale, basi sentimita hizo zinapotea mahali fulani. Zinakatika kwenye ncha, au katikati, kwa kasi ileile zinayootea. Mafuta ya kukuzia nywele hayagusi tatizo hilo, kwa sababu kukua halikuwa tatizo. Linalosaidia ni kujua nywele zako ni za namna gani, zinakatikia wapi, na kitu gani kinazikata.

Kwa hiyo tutaanza na uchunguzi. Bidhaa zitakuja baadaye, na utaona kwamba unazihitaji chache kuliko unavyodhani.

Ngozi ni kitu kimoja, unywele ni kingine

Kwenye ngozi ya kichwa kuna vifuko vidogo sana, kwa wastani kama laki moja, na kila unywele hutengenezwa ndani ya kifuko chake. Humo ndani mna damu, mishipa ya fahamu na seli zilizo hai. Lakini unywele ukishajitokeza juu ya ngozi, hauna uhai tena. Ni uzi wa keratini, protini ileile inayotengeneza kucha. Haulishwi kutoka nje na haujirekebishi. Ncha iliyochanika mara mbili haiunganiki tena, hata lebo ya chupa iahidi nini. Kuna vitu vya kuigandisha na kuilainisha mpaka utakapoosha, basi. Dawa yake ni mkasi.

Ukilielewa hilo, swali la kwanza kwa kila shida ya nywele linakuwa rahisi: shida iko kwenye ngozi au kwenye uzi? Ngozi inaweza kutibiwa na kupona. Uzi unalindwa, na ukiharibika unakatwa.

Uzi wenyewe una sehemu mbili za kujali. Nje kuna magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, yote yakielekea kwenye ncha. Ndani kuna kiini, ambacho ndicho chenye nguvu, unyumbufu na rangi ya unywele. Magamba yakilala vizuri, unywele unateleza, unang'aa na unatunza unyevu wake. Yakiinuka au kubanduka, unywele unakwaruza, unanasana na wenzake, maji yanaingia haraka na kutoka haraka, na kiini kinabaki wazi. Moto, kemikali, kuchana kwa pupa na sabuni kali vyote huanzia hapo, kwenye magamba.

Hatua ya kwanza: zichunguze

Osha nywele kwa shampuu, usipake chochote, ziache zikauke kwa hewa. Kisha tazama mambo yafuatayo mchana, kwenye mwanga mzuri.

*Mkunjo.* Mpangilio unaojulikana zaidi ni ule wa Andre Walker, aliyekuwa msusi wa mtangazaji Oprah Winfrey, ulioanza kuenea miaka ya 1990. Aligawa nywele katika makundi manne: la 1 ni nywele za singa zilizonyooka, la 2 zenye mawimbi, la 3 zenye mizunguko inayoonekana wazi, na la 4 ni za kipilipili, zilizojisokota kwa karibu sana. Herufi a, b na c huonyesha jinsi mkunjo unavyozidi kubana ndani ya kundi moja. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na aina mbili au tatu, kwa mfano 3c kisogoni na 4b utosini, na hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Namba hizo zinafaa watu wakitaka kuelewana wanapozungumzia mitindo. Sikushauri ujenge ratiba yako ya matunzo juu yake. Watu wawili wa 4b wanaweza kuhitaji vitu tofauti kabisa, mmoja ana nyuzi nyembamba zilizopitishwa dawa, mwingine ana nyuzi nene ambazo hazijawahi kuguswa na moto. Kitu ambacho mkunjo unakuambia kwa uhakika ni hiki: kadiri unywele unavyojikunja, ndivyo mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi yanavyoshindwa kusafiri hadi kwenye ncha, na ndivyo unavyokuwa na kona nyingi, na kila kona ni mahali pepesi kukatika. Ndiyo sababu nywele za kipilipili huwa kavu mwishoni hata kama ngozi ina mafuta, na nywele za singa hulowa mafuta mapema hata kama zimeoshwa jana.

*Unene wa uzi.* Shika unywele mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, uuzungushe. Usipouhisi, au ukiuhisi kwa shida, nyuzi zako ni nyembamba. Ukiuhisi mara moja, ni nene. Hapa ndipo wengi hukosea: mtu ana nywele nyingi zilizosongamana, anaamini ni ngumu, anazichana kwa nguvu na kuzipasha moto mkali, kumbe kila uzi ni mwembamba. Nywele za kipilipili nyingi ni za namna hiyo, laini na dhaifu zikitazamwa mojamoja. Kati ya vipimo vyote, mimi hiki ndicho ninachokipa uzito zaidi.

*Wingi.* Ziache zilale bila kuzigawa. Ukiona ngozi kirahisi, ni chache. Usipoiona, ni nyingi. Hili linakusaidia hasa kuchagua mtindo na ukubwa wa mafungu unapoosha.

*Unyonyaji wa maji.* Nyunyizia maji kidogo kwenye fungu moja la nywele safi. Matone yakikaa juu kama umande na nywele zikichukua muda mrefu kulowa na muda mrefu kukauka, magamba yako yamefunga: nywele zako hunyonya kidogo. Maji yakizama papo hapo na nywele zikakauka upesi zikawa kavukavu, magamba yamefunguka. Kipimo kinachopendwa sana cha kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji uone kama utaelea au utazama, sikiamini. Unywele wenye mabaki kidogo ya mafuta utaelea hata ukiwa umeharibika vibaya.

Kumbuka pia kwamba ncha na mzizi si wa umri mmoja. Kama nywele zako zina urefu wa sentimita 30, ncha ina miaka miwili na nusu hivi. Imeoshwa, imechanwa, imekaushwa na kufungwa mara zisizohesabika, wakati sentimita ya kwanza kutoka kwenye ngozi ina mwezi mmoja tu. Ni kawaida ncha kunyonya zaidi na kuhitaji matunzo zaidi.

*Mvuto.* Chukua unywele mmoja uliolowa, uuvute polepole. Ukinyumbuka kidogo na kurudi, uko vizuri. Ukikatika mara moja bila kunyumbuka, umekauka au umezidishiwa protini. Ukiendelea kurefuka bila kurudi, huku ukilegea na kuteleza isivyo kawaida, kiini kimedhoofika, mara nyingi kwa kublichi, dawa ya kunyoosha au moto.

*Zinazobaki mkononi.* Kusanya nywele zinazotoka siku ya kuosha, uzitandaze juu ya karatasi. Unywele mrefu wenye kijifundo cheupe upande mmoja umetoka wenyewe kwenye mzizi baada ya kumaliza muda wake. Vipande vifupi visivyo na kijifundo vimekatika. Kutokwa na nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, kwa sababu kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa miezi mitatu hivi, kisha huachia nafasi. Ukikaa na msuko kwa mwezi mzima, nywele zilizoachia hazina pa kuangukia. Hubaki zimenasa ndani. Siku ya kufumua unaweza kuona rundo la nywele 1,500 hadi 3,000 likatoka kwa mara moja. Linatisha kulitazama, lakini ni hesabu ya siku 30, wala si ugonjwa.

Andika ulichokiona. Mfano: "Mkunjo 4a, nyuzi nyembamba, nyingi, hunyonya haraka kwenye ncha, zinakatika zaidi kisogoni." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko namba ya mkunjo peke yake.

Hatua ya pili: kuosha

Shampuu ni ya ngozi. Ipake kwenye ngozi ya kichwa, isugue kwa ncha za vidole bila kucha, na povu linaloteremka wakati wa kusuuza litatosha kusafisha nywele zenyewe. Kuzikusanya nywele zote juu ya kichwa na kuzifikicha ni kutengeneza mafundo kwa makusudi.

Mara ngapi? Nywele za singa zenye mafuta zinaweza kuhitaji kila siku au kila baada ya siku moja. Zenye mawimbi na mizunguko, mara moja au mbili kwa wiki. Za kipilipili, Chuo cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani kinashauri mara moja kwa wiki au kila wiki mbili, na mimi naona wiki mbili ndio mwisho. Kukaa mwezi bila kuosha kwa kuogopa kukausha nywele ni kuiacha ngozi na jasho, mafuta yaliyoganda na ukungu. Waliosuka nao huosha: changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, ipitishe kwenye mistari, suuza sana, na hakikisha mizizi imekauka kabisa.

Tazama pia ukali wa unachooshea. Unywele una asidi kidogo: pH yake (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 ni asidi na juu ya 7 ni kinyume chake) ni karibu 3.7, na ngozi ya kichwa ni karibu 5.5. Sabuni ya kawaida ya mche huwa na pH ya 9 hadi 10, hivyo huinua magamba na kuacha nywele zikikwaruza. Baking soda nayo ni hivyohivyo, hata kama imesifiwa kama kisafishio cha asili. Shampuu yenye salfeti, yaani visafishio vikali vya kutoa povu, si sumu, lakini kwa nywele kavu chagua iliyo laini, na ile kali uitumie mara chache pale mabaki ya jeli na mafuta mazito yanapokuwa yamejijenga. Kama maji yako ni ya chumvi na nywele zinabaki ngumu hata baada ya kondishena, tafuta shampuu yenye EDTA, ambayo hushika madini na kuyaondoa.

Ukienda kuogelea kwenye bwawa lenye klorini, lowesha nywele kwa maji safi kwanza. Zikishashiba maji safi, hazinyonyi sana yale ya bwawa.

Hatua ya tatu: kondishena na kutatua mafundo

Kondishena si anasa. Unywele ulioharibika hubeba chaji hasi, na kondishena imetengenezwa ikiwa na chaji chanya, hivyo hujishikiza yenyewe pale penye madhara zaidi, hulaza magamba na kupunguza msuguano. Anzia kwenye ncha, malizia katikati. Mizizi haiihitaji sana.

Hapa aina ya mkunjo inaleta tofauti ya kweli. Nywele za kipilipili na zenye mizunguko tatua mafundo zikiwa zimelowa na zimejaa kondishena. Gawa mafungu manne hadi nane, tumia vidole kwanza, kisha chanuo lenye meno mapana. Anza kwenye ncha, panda kidogokidogo kuelekea mzizi, huku mkono mwingine umeshika fungu juu ya fundo ili mvutano usifike kwenye ngozi. Nywele za singa ni kinyume: zikilowa hunyumbuka na kukatika kwa urahisi, kwa hiyo zikamue kwa taulo laini, ziache zipungue maji, ndipo uchane. Ukisikia mlio wa kukatika unapochana, simama. Ongeza kondishena na urudi kwenye vidole. Mlio huo si sehemu ya kawaida ya kuchana, hata kama umeusikia tangu utotoni.

Kuhusu tiba za protini, rudi kwenye kipimo cha mvuto. Nywele zinazorefuka bila kurudi zinaweza kufaidika nazo kila baada ya wiki nne hadi sita. Zile zinazokatika bila kunyumbuka zinahitaji unyevu, na protini itazifanya ngumu zaidi. Kupaka protini kila wiki kwa sababu nywele ni dhaifu ni njia ya uhakika ya kuzivunja.

Hatua ya nne: maji kwanza, mafuta baadaye

Mafuta hayalainishi nywele kavu kwa kuziongezea maji, kwa sababu hayana maji. Kazi yake ni kupunguza msuguano na kuchelewesha maji yaliyomo yasitoke. Ukipaka mafuta kwenye nywele kavu, umeziba ukavu ndani. Mpangilio ni huu: nywele zikiwa na unyevu baada ya kuosha, paka kondishena ya kuacha kichwani au losheni yenye maji, kisha krimu kama nywele zako zinaihitaji, na mafuta mwishoni.

Aina yako ndiyo inayoamua uzito. Nyuzi nyembamba na zinazonyonya kidogo zinataka vitu vyepesi na kiasi kidogo. Siagi ya shea itakaa juu yake na kuzifanya zinate. Kwa nywele zinazonyonya kidogo, kofia ya plastiki au mvuke wakati wa kondishena husaidia, kwa kuwa joto la wastani huisaidia kuingia. Nyuzi nene na zinazonyonya haraka hupokea krimu nzito na siagi vizuri.

Mafuta yote hayafanani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi pekee yaliyopunguza kupotea kwa protini kwenye nywele. Sababu ni asidi ya lauriki: molekuli yake ni ndogo na imenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele wakati mengine hubaki nje. Matumizi bora ni kuyapaka kabla ya kuosha, saa chache au usiku mmoja, ili nywele zisivimbe sana zikikutana na maji. Mafuta ya nyonyo hung'arisha na kuziba vizuri, lakini hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba yanaotesha nywele. Anayeyasugua kwenye ukingo ulionyonyoka huku akiendelea kubana nywele hataona mabadiliko.

Tahadhari moja: kama una mba, usiloweshe ngozi kwa mafuta. Fangasi wadogo waitwao Malassezia, wanaohusika na mba, hula mafuta.

Hatua ya tano: moto

Usipitishe pasi ya nywele kwenye nywele zenye unyevu hata kidogo. Maji yaliyo ndani ya unywele huchemka, hugeuka mvuke na kuacha mapovu ndani ya uzi. Pale penye povu ndipo utakapokatika. Kwa nyuzi nyembamba au zilizopakwa rangi baki karibu na nyuzijoto 150. Kwa nene zenye afya usivuke 180. Pasi isiyoonyesha nyuzijoto siipendekezi kwa mtu yeyote. Pitisha mara moja, mara mbili mwisho, kwenye mafungu madogo. Kinga ya moto hupunguza madhara bila kuyaondoa. Drayeri iweke umbali wa sentimita 15 na uisogeze muda wote.

Dalili ya kwanza ya madhara kwa wenye mikunjo ni baadhi ya nywele kubaki zimenyooka hata baada ya kuoshwa. Mkunjo huo haurudi. Kinachorudi ni nywele mpya.

Hatua ya sita: dawa za kunyoosha na rangi

Dawa ya kunyoosha huvunja viungo vya salfa vinavyoipa keratini umbo lake, na ikishavivunja vimevunjika. Zenye sodiamu haidroksaidi ni kali na hufanya kazi haraka. Zile zinazochanganywa kabla ya kupakwa, zenye kalsiamu haidroksaidi na guanidini, ni nafuu kidogo kwa ngozi lakini huacha kalsiamu inayokausha nywele. Zote zina pH kati ya 12 na 14, kiwango kinachoweza kuunguza ngozi.

Kama umeamua kutumia, haya hayana mjadala. Paka kwenye nywele mpya tu, kila baada ya wiki 8 hadi 12. Kurudia juu ya zilizokwisha nyooshwa ndiko kunakozikata. Usikune kichwa wala kuosha siku chache kabla. Pakianza kuwasha, suuza papo hapo, usivumilie ili zinyooke zaidi, kwa sababu kidonda kirefu kinaweza kuua kifuko cha unywele na kuacha kovu. Malizia na shampuu ya kuondoa dawa mpaka povu lisiwe tena na ile rangi inayotahadharisha kwamba dawa bado imo. Usibadili aina ya dawa katikati, wala usiblichi nywele zenye dawa. Watoto waachwe kabisa.

Kuna suala la afya ya mwili pia. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia maelfu ya wanawake: waliotumia bidhaa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, dhidi ya asilimia 1.64 kwa wasiozitumia. Uhusiano huo haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini mimi nauona ni sababu tosha ya kupunguza. Zile huduma zinazouzwa kwa jina la keratini nyingi hutoa gesi ya formaldehaidi zikipashwa moto. Macho yakianza kuwasha saluni, toka nje.

Hatua ya saba: kusuka bila kung'oa

Msuko ukifanywa vizuri unazipumzisha nywele na mikono, na ncha zinakaa salama. Ukibanwa, unaua mizizi. Upara wa kuvutwa huanza kwenye paji na juu ya masikio, na unazuilika kabisa. Ndiyo maana unaniumiza kuuona kwa wasichana wadogo.

Msuko haupaswi kuuma. Haupaswi kukunyima usingizi, kuvuta nyusi, wala kukufanya umeze dawa ya maumivu. Vipele vidogo kwenye mizizi siku ya pili ni onyo kwamba vifuko vimevimba: fumua, hata kama ulilipa na ulikaa kitini kwa muda wa saa nane. Mwambie msusi mapema, kabla hajaanza, kwamba ukingo wa mbele uachwe au ushikwe kwa ulegevu, na vinyweleo vya malaika visiingizwe kwenye msuko. Chagua rasta za wastani. Nyembamba sana zenye nywele bandia ndefu huning'iniza uzito mkubwa kwenye mizizi michache. Nywele zilizowekwa dawa hivi karibuni zisisukwe kwa kubana, kwa kuwa mchanganyiko huo huongeza hatari. Wenye dredi wasikazwe mizizi kila wiki. Na mkia wa farasi unaobanwa palepale kila siku, hata kwenye nywele za singa, huleta upara uleule.

Wiki sita hadi nane zatosha kwa msuko mmoja, kisha fumua, na mara hii, kwa sababu ya nywele zilizonasa ndani, tatua mafundo kabla maji hayajagusa nywele, osha, na ziache wiki moja au mbili. Upara wa kuvutwa ukigunduliwa mapema, nywele hurudi baada ya miezi kadhaa bila mvutano. Ngozi ikishakuwa laini, inang'aa na haina vitundu, kovu limeshashika na hakuna mafuta yatakayozirudisha.

Usiku, kitambaa au foronya ya satini hupunguza msuguano ambao pamba huleta. Usilale na nywele zilizolowa chapachapa.

Hatua ya nane: pale matunzo yasipotosha

Kama nywele zinang'oka na mizizi yake, kwa wingi, kichwa kizima, rudisha mawazo miezi miwili au mitatu nyuma. Homa kali, upasuaji, kujifungua, kupungua uzito ghafla au msongo mkubwa huzisukuma nywele nyingi kupumzika kwa pamoja, na huanguka baadaye, mtu akiwa amesahau kilichotokea. Mara nyingi hali hiyo hujirekebisha ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili. Ikiendelea, omba kipimo cha damu, madini ya chuma na tezi ya shingo. Upungufu wa chuma ni wa kawaida, hasa kwa wenye hedhi nzito. Lakini usimeze vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Baiotini nayo haisaidii asiyepungukiwa nayo, na huvuruga vipimo vya maabara, vikiwemo vya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Mwambie daktari kama unaitumia.

Mba hutibiwa kwa shampuu yenye ketokonazoli, zinki pairithioni au seleniamu salfaidi. Iache kichwani dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuza. Wengi husema haikufanya kazi kwa sababu waliisuuza mara tu ilipotoa povu. Kwa nywele kavu, ipake kwenye ngozi pekee, kisha kondishena kwenye nywele.

Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika kwenye ngozi huenda ana mapunye, fangasi walioingia ndani ya unywele. Krimu ya kupaka haifiki huko. Anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kama griseofulvini au tabinafini, na chanuo, kofia na taulo zisichangiwe.

Dalili zifuatazo zisisubiri: viraka vya mviringo vilivyo laini vinavyotokea ghafla, nywele kupungua utosini na eneo hilo kupanuka kuelekea nje, hasa pakiwa na kuwashwa au kuungua, usaha, na ngozi inayong'aa bila vitundu. Hayo mawili ya utosini na ya ngozi inayong'aa yanaweza kuwa upara wa makovu, ambao daktari wa ngozi anaweza kuusimamisha ulipofika lakini hawezi kuurudisha nyuma. Kupungua polepole kwenye mpasuo wa katikati kwa wanawake, au kwenye mapembe ya paji kwa wanaume, mara nyingi ni kwa kurithi. Minoksidili, dawa ya kupaka kichwani, husaidia wengi, ikitumiwa mfululizo na kupewa angalau miezi minne kabla ya kuhukumiwa.

Siku ya kwenda kwa daktari, nenda na nywele zilizofumuliwa na kuoshwa, bila wigi wala mafuta. Beba orodha ya dawa unazotumia, tarehe uliyoanza kuona tofauti, na picha za sehemu ileile zilizopigwa kwenye mwanga uleule kila baada ya miezi mitatu.